Pete za Sumaku na Sendofu ya Noela

Jumapili, 2 Juni 2024

Nimeshindwa na pete. Si ya ndoa — ya sumaku. Kidude cheusi cha kubana kwenye waya wa spika, kama kibanio cha nguo kilichonenepa.

Kikao cha kamati ya sendofu ya Noela, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, nyumbani kwa shemeji Kaijage, Mkolani. Baba mzazi haingii kwenye kikao cha kamati, najua. Nilikwenda kama mtoa huduma. Nimekaa barazani kwa shemeji yangu nasubiri kuitwa ndani, pamoja na mtu wa keki, ili niombe kazi ya kupiga muziki kwenye sendofu ya binti yangu mwenyewe.

Mshindani: Irfan, kijana wa duka la spika mjini. Tulipoitwa ndani, akapiga wimbo bila pete. Akabana pete nne, akageuka, akapiga tena. Kamati nzima: aah. Dorcas, mweka hazina, anasema safari ya pili amesikia hadi mwimbaji akivuta pumzi. Kaijage ana duka la dawa, kwa hiyo anajua kila kitu. Akaeleza kwamba sumaku inaupanga umeme mstari mmoja, kama wanafunzi paredi. Kazi akapewa Irfan.

Lakini kinachoniuma si hicho. Kinachoniuma ni kwamba hata mimi nilisikia. Besi ilifunguka. Miaka ishirini na mbili nakodisha muziki Mkuyuni, maboksi ya spika nimepiga randa kwa mkono wangu, sina bosi wala fundi aliyenifundisha — na nilisikia.

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata sababu. Ni mawe.

Mwanza yote imekaa juu ya mawe. Mawe yana chuma. Chuma kinavuta umeme wa waya uliolala chini, pete inaurudisha. Ndiyo maana muziki wangu unalia vizuri Misungwi kuliko Mkolani. Nilimweleza mke wangu, Bernadetta, akiwa anageuza sato kwenye kikaango. Akasema Misungwi nako kuna mawe. Akasema tena kwamba ule ukumbi ninaopigia Mkolani ni bati tupu juu, hata mtu akikohoa panalia. "Halafu, baba Noela, mawe haya yalikuwepo tangu unaanza kazi. Yameanza kuvuta jana?"

Nikamwambia hiyo ni fizikia. Mimi fizikia niliisoma hadi kidato cha pili, muhula wa kwanza.

Mchana nimevunja spika iliyoungua, nikatoa sumaku yake, nikaifunga kwenye waya wangu kwa mpira wa baiskeli. Nikapiga. Besi ikafunguka! Nikafungua, nikafunga, mara sita. Mara sita zote imefunguka. Nimecheza peke yangu stoo. Mtu wa miaka hamsini na nne.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwita Bernadetta ashuhudie. Akasikiliza, akakubali kwamba kweli ni nzuri zaidi. Halafu akauliza kwa nini kila nikishafunga sumaku naongeza sauti.

Siongezi.

"Unaongeza. Mkono unakwenda wenyewe, kama mkono wa mlevi kwenye glasi."

Nimepima kwa simu. Desibeli mbili juu, kila mara. Ni mkono wangu. Sumaku haijafanya chochote.

Basi nikabandika kitufe cha sauti kwa plasta kisizunguke. Nikarudia. Bado nasikia! Ndogo, lakini ipo. Nikasema sawa, tupime kiume. Nikatundika kitenge katikati ya stoo, Bernadetta nyuma yake na sumaku na sarafu. Ikiangukia kichwa, anafunga. Ikigeuka, hafungi. Mimi nasema ipo au haipo, yeye anaandika. Mara ishirini.

Nimepata tisa.

Mbuzi wa jirani angepata kumi. Nilikaa juu ya spika kwa muda. Lile jambo nililolisikia kwa masikio yangu, nililolitafutia mawe ya Mwanza nzima, halikuwepo.

Halafu nikakumbuka kwamba Irfan, baada ya kubana pete, aligeukia mikisa, penye kitufe cha sauti. Mkono wake sikuuona. Siwezi kusema aliongeza sauti. Ushahidi sina. Hakika ninayo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia Kaijage. Nikamwomba kamati irudie jaribio, safari hii bila mtu kuona.

"Shemeji, kazi umeshanyimwa," akasema. Kwa upole. Upole wake unanikera kuliko maneno.

Nikamwambia, shemeji, wewe mtu wa dawa. Kidonge kipya mnakijuaje kama kinatibu? Si wengine mnawapa kidonge cha unga mtupu na hamuwaambii?

Akasema waya hauugui. Mwisho akasema njoo Jumapili, lakini usichelewe, kuna ajenda ya vinywaji.

Jioni Noela akapiga simu. Mjomba wake ameshamwambia. "Baba, hiyo habari achana nayo tu." Nikamwambia hili si suala la kazi, ni suala la ukweli. Akasema sawa, baba. Kwa ile sauti ya mama yake ambayo maana yake si sawa.

Jumapili, 9 Juni

Mkolani. Wanakamati kumi na mmoja, Irfan, mimi, mikisa yangu, kitenge cha Bernadetta. Kitufe cha sauti kimebandikwa, Irfan mwenyewe amekikagua. Pete nne akanikabidhi mkononi. Nikaingia nyuma ya kitenge. Nikapiga kipande cha wimbo mara mbili. Nikauliza: pete zilikuwepo safari ya kwanza au ya pili?

Mikono tisa: ya pili. Dorcas: ya kwanza, na alisikia pumzi tena. Mzee Malimi, jirani wa Kaijage, akasema haoni tofauti, tumsamehe, masikio yamezeeka.

Nikafunua kitenge. Nikatoa pete zote nne kwenye mfuko wa shati. Hazikufungwa safari ya kwanza wala ya pili. Nikazipanga mezani katikati ya chupa za soda.

Hapo nilitegemea wacheke. Kichwani nilikuwa nimeshawasikia wakicheka, hadi nani angeanza. Nilichosikia ni feni tu.

"Kwa hiyo, shemeji," Kaijage akasema, "watu wameacha familia zao Jumapili, wanamchangia binti yako, na wewe umewakusanya uwaonyeshe kuwa ni wajinga."

Irfan hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akaziokota pete moja moja. "Mzee wangu, mimi nilizinunua kwa sababu nilisikia. Nyumbani, peke yangu. Nilifurahi sana siku ile." Sijamwambia kwamba siku ya kwanza mimi nilicheza stoo.

Wakapiga kura upya. Kumi Irfan. Mmoja mimi — mzee Malimi.

Nimewathibitishia, na nimenyimwa kazi mara mbili.

Jumatatu, 10 Juni

Bernadetta ameongea asubuhi, akiwa amenipa mgongo anakunja shuka. Kwamba si pete. Kwamba haijawahi kuwa pete. Noela alimfuata mjomba wake kabla hata kikao cha kwanza hakijakaa: mtafute sababu yoyote, lakini baba asipige muziki.

Nikauliza spika zangu zina kasoro gani.

"Hazina. Kipaimara chake ulikuwa nyuma ya spika. Mahafali yake ulikuwa nyuma ya spika. Anafungua albamu, mama yupo, mjomba yupo. Wewe ni waya tu unapita chini ya picha."

Kumbe Kaijage alikuwa anahangaika asinivunjie heshima. Irfan akaja na pete zake, sababu ikapatikana. Sasa sijui kama wale watu kumi walisikia kweli au waliamua kusikia. Huenda na wao hawajui.

Na mimi! Wiki nzima napima desibeli. Irfan nimemwita mwizi moyoni, Kaijage nimemwita mjinga, mawe nimeyasingizia. Noela sikumuuliza hata swali moja. Alipiga simu mwenyewe Ijumaa, na bado sikumuuliza.

Nimempigia. Nimeahidi kwamba nitavaa suti, nitakaa meza kuu, sigusi waya. Akacheka. Halafu akawa anavuta makamasi.

Jumamosi, 22 Juni

Ukumbini, chumba cha pembeni. Daftari limekuja kwenye mkoba wa Bernadetta. Kadi imeandikwa saa kumi na mbili, sasa ni saa mbili kasorobo na wageni ndiyo wanaingia. Suti inabana kwapani. Tunasubiri MC atuite.

Spika zinavuma. Mmmmm, mfululizo, chini ya kila wimbo. Pale ndipo Noela atasimama kuniaga mbele ya watu, na ule mvumo utakuwa kwenye video maisha yake yote.

Irfan amekuja mlangoni, jasho limelowesha kola. Shikamoo. Marahaba. "Mzee, nimekuja kama mtoto wako." Nikamwambia mikisa na amplifaya azichomeke soketi moja, hiyo ndiyo dawa. Nimesema kwa hakika kubwa. Akakimbia. Amerudi. Ameshachomeka, na mvumo upo vilevile.

Kwa hiyo sijui. Kutoka hapa nilipokaa siwezi kujua. Ningekuwa pale ningechomoa waya mmoja mmoja hadi unyamaze. Labda dakika tano, labda nusu saa. Bernadetta ameshika pindo la koti langu tangu Irfan atokee.

Noela amepita na mpiga picha. Gauni la bluu. Amesimama, amesikiliza spika, amemtazama Irfan, amenitazama mimi. Akasema, "Baba." Halafu mpiga picha akamvuta kwenye maua, mwanga unafaa.

Baba nenda, au Baba kaa? Nimeshaanza kupiga hesabu — nyusi zilivyokaa, sauti ilivyopanda mwishoni.

Hapana. Sikisii. Picha zikiisha namuuliza.

MC ameanza kuita majina ya wazazi.