Viatu vyeupe vya Shosho

Benta, leo nimeaibika kanisani. Bado siamini.

Unakumbuka nikikuambia kuhusu ile duka ya Mhindi pale Thika, ile ya kuuza kila kitu kutoka sindano hadi taa, ikafungwa? Kwa ibada ya kumkumbuka Guka, babu yangu, nimesoma vile alimnunulia Shosho, nyanya yangu, viatu vyeupe hapo, vya harusi yao ya 1958. Hata picha yao ya harusi nikaizungusha watu waione.

Mashosho watatu wa mbele wakaanza kucheka. Ibadani, Benta. Kucheka.

Mmoja, Wamboi, akasema, "Hivyo ni vya dirishani. Hata mimi niko navyo kwa picha yangu."

Kumbe mwenye duka alikuwa anaazimisha kila bibi harusi viatu hivyo apige picha, halafu virudi dirishani.

Nikamuuliza Shosho mbona amenyamaza miaka hiyo yote.

Akasema, "Guka wako alipenda kusema alinunua, nikamwachia. Lakini siku hiyo nilirudi nyumbani Ngoingwa miguu mitupu, na yeye akavua viatu vyake akavibeba mkononi, tufanane."