Transfoma ya Baba Imekatwa Umeme

Shangazi Theda mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana kamba hii nimejifunga mwenyewe.

Baba yangu, mzee Onno, macho yake yamefifia sana, ila kila Majilio tukishapamba mti wa Krismasi yeye ndiye dereva wa treni yetu ndogo inayozunguka chini yake, anaiendesha kwa transfoma aliyopewa utotoni, lile sanduku la bati la buluu lenye kitasa chekundu ambacho hataki mtu mwingine akiguse, basi mwaka huu mume wangu Hauke akanunua kichwa kipya cha treni, cha kisasa, chenye mtambo wake wa umeme, kinaongozwa kwa simu, na fundi akatuonya kwamba lile sanduku kila likirudisha treni nyuma hurusha umeme mkali wa ghafla, kichwa kipya kitaungua, tena waya wa sanduku lenyewe umepasuka ganda na unaweza kuua mtu, nami nikashindwa kumwambia Baba, Shangazi, nilishindwa, kwa sababu tangu Mama afariki ni treni tu inayomtoa kitini, kwa hiyo nikaikata transfoma umeme na kuiacha pale pale mezani, Baba anazungusha kitasa, na Hauke kakaa nyuma yake na simu chini ya kitambaa cha meza, anautazama mkono wa mzee na kuufuatisha.

Na inakubali! Baba anasema, "Haya, twende zetu Emden," treni inaondoka. Zamani alikuwa anaweka kwanza kiganja juu ya sanduku, siku hizi haweki, anacheka tu, "We Hauke, mbona unahema kama ng'ombe anayezaa?" na mimi nakimbilia jikoni kuandaa chai huku nalia.

Sasa Bwana Focko, mwenyekiti wa chama chao cha treni ndogo, amekuja kumwomba Baba aipeleke transfoma kwenye maonyesho ya Jumapili, aiendeshe mbele ya watu. Baba akamjibu, "Muulize Wiebke kama inaweza kwenda." Hauke anataka tuseme imeharibika jana. Nikisema ukweli, Baba atajiona mtoto aliyepewa usukani wa kuchezea. Nifanyeje?

Wiebke, Leer

Wiebke mwanangu, futa machozi. Kuikata ile transfoma ulifanya vyema, waya uliopasuka hauna adabu kwa mzee wala kwa kijana. Na transfoma ya zamani na mitambo mipya msije mkaviunga kwenye reli moja, hata kwa kujaribu. Kosa lako ni kwamba ulikata umeme ukaunganisha uongo. Na wewe Hauke, najua unasoma: hilo la "imeharibika jana" lirudishe mfukoni pamoja na simu yako. Njia ya mwongo ni fupi.

Sasa, mwanangu, isome tena barua yako. Marehemu mume wangu alikuwa na sanduku kama hilo. Likiwa na umeme linavuma chini chini, na bati lake linapata joto. Baba yako maisha yake yote ameweka kiganja pale, na sasa haweki. Unadhani ni kwa nini? Mtu ambaye macho yamemwacha hawezi kukosa kuusikia ukimya wa kitu alichokisikiliza tangu utotoni. Alijua siku ile ile. Anazungusha kitasa baridi ili wewe usione aibu, na aliposema "Muulize Wiebke" alikuwa anakufungulia mlango.

Ingia basi. Leo, siyo Jumapili. Weka bonge lake la sukari ya mawe kikombeni, mmiminie chai, useme, "Baba, niliikata." Usizungukezunguke. Kisha nendeni naye kwa fundi umeme mwenye leseni, abadilishe waya na kuipima. Akiipitisha, Baba aendeshe nayo vichwa vyake vya zamani kwenye reli za peke yake, zisizogusana na zile mpya. Akiikataa, ikae kabatini kwa heshima, na Bwana Focko aambiwe hivyo. Na kwa hicho kichwa kipya, mnunulieni Baba kifaa cha kisasa cha kuongozea treni, chenye kitasa cha kuzungusha. Vipo. Hauke akabidhi usukani, akale keki.

Baba akikuuliza mbona ulikuwa unalia jikoni, mwambie na hilo. Alikuwa anakusikia.