Kinanda cha Kumwingiza Agnesi Kanisani

Lulindi, Jumapili jioni

Mama Agnesi, mke wangu,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumba hiyo. Mimi huku sijambo, nguvu ninazo, ugali wa muhogo nakula sibakizi, ila vidole ndivyo vinavyolalamika, na sababu yake nitakwambia. Na nyie huko Newala je? Maji yanatoka bombani au bado mnateremka bondeni na ndoo? Korosho mmemaliza kuokota? Goti la mama likoje? Barua hii isome mwenyewe, maandishi yangu umeyazoea. Usimpe mdogo wako Edna akusomee, ataitangaza kwenye maji.

Kazi ya kulinda ghala inaendelea. Huyu tajiri wa korosho, aliyekuja na malori yake tangu ushirika uache kununua peke yake, ananiamini mimi kuliko walinzi wote. Mchana naenda kanisani kwa Mwalimu Raheli kujifunza kinanda. Ni binti mdogo, rika la Agnesi, lakini ndiye anayepiga kila ibada. Ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, halafu ananigonga vidole kwa rula. Mimi! Juzi alisema hajawahi kumfundisha mtu kama mimi. Nikamwambia ndiyo, hawapo wengi.

Barua yako nimeipata. Unasema nimwache Joakimu, mjomba wa bwana harusi, alete ile redio kaseti yake kubwa, iwekwe pembeni kanisani kwa tahadhari. Tahadhari ya nini? Umesahau siku ya posa? Alikaa kwenye kiti chetu na suruali yake ya mitumba, anasema, "Baba Agnesi, siku hizi nchi imefunguka, kila kitu kipo dukani. Harusi ni kaseti. Vinanda waachieni wazee kwa misiba." Watu wakacheka. Nikasema mbele ya wote, binti yangu hataingia kanisani kwa betri, nitampigia mwenyewe. Akauliza, "Kinanda umekijua lini?" Nikasema, "Kabla wewe hujazaliwa." Na ndivyo! Nimeimba besi nyuma ya kinanda cha kanisa letu tangu ujana wangu. Kitu ukikisikia miaka yote hiyo, si unakijua?

Sasa sikiliza yaliyonipata. Solfa naijua, Do Re Mi nimefundishwa na wazee wa misheni nikiwa mtoto. Basi nilichukua chaki nikaandika kila jino jeupe la kinanda jina lake, Do hapa, Re hapa, nikaukariri ule wimbo wa kumwingiza bibi harusi mpaka naupiga nimefumba macho. Nikasema kazi imekwisha. Wiki hii wakaja akina mama wa kwaya tujaribu pamoja. Wakaanza kuimba, sauti ziko chini kama za wanaume. Mama mmoja mnene akasema, "Babu, tupandishie, hapa tunachimba kisima."

Mwalimu Raheli akasema, "Sawa. Do ni F."

"Do iko hapa," nikamwonyesha chaki.

"Baba, Do inahama."

"Inahamia wapi? Tangu misheni ijengwe Do haijahama!"

"Kwani kwenye kwaya yenu mkipewa sauti ya juu, Do haipandi pamoja nanyi?"

Kweli, tukipewa sauti tunaimba tu, mdomo unapanda wenyewe bila kuuliza njia. Vidole haviwezi. Nilipoipeleka Do kwenye hiyo F, pale nilipokuwa nimeandika Fa, chaki yote ikawa uongo, na Fa yenyewe imejificha kwenye jino jeusi ambalo sikuwa nimeliandikia kitu. Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilifuta chaki kwa mkono wa shati, nikaanza upya palepale mbele yao.

Sasa nimefika nusu. Mkono wa kulia unakwenda. Wa kushoto ndio ule wenye kidole kilichokatwa na panga, hakikunjiki, kinagonga majirani. Kila nikiifikia ile Fa nasimama, naitafuta, ndipo naendelea. Mwalimu anasema nitaweza. Anasema hivyo huku anatazama dirishani.

Na kinanda cha huko kikoje? Tangu mpiga kinanda wetu afariki hakuna aliyekifungua. Naota mchwa wamekila. Mwombe katekista ufunguo wa kanisa, ukae, ukanyage zile pedali za chini kwa miguu kipate pumzi, halafu tafuta meno meusi yaliyokaa matatu matatu. Bonyeza la mwisho upande wa kulia. Kama halilii, niandikie haraka, nijue pa kuipeleka hiyo Do.

Hili linalofuata nakuandikia wewe peke yako. Mama Agnesi, naogopa. Nimekaa ghalani na vidole vinabonyeza magunia bila mimi kuviambia. Namwona mtoto amesimama mlangoni, watu wote wamegeuka, na kinanda kimya.

Haya, redio ya Joakimu aje nayo. Lakini betri akukabidhi wewe, uzifunge kwenye pindo la khanga yako. Wewe ndiye unayejua nikiwa nimeshindwa na nikiwa napumzika tu. Usizitoe mapema.

Msalimie mdogo wangu Simoni, mwambie yeye ndiye atakayemshika Agnesi mkono, maana mikono yangu itakuwa na kazi. Msalimie mama mkwe wangu na goti lake, na Edna hata kama ana mdomo. Padri naye msalimie, ila haya mengine usimwambie.

Na Agnesi mwambie neno moja. Asitembee ile haraka ya vijana. Akisikia kinanda kimenyamaza, asigeuke kunitazama, asimame hapohapo alipo. Nikianza tena, naye aendelee. Asinitangulie. Nitafika.

Ni mimi mumeo, mpiga kinanda,

Baba Agnesi