Wape kwa Wingi

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Natumaini homa ya yule mkubwa imepoa na mgongo haukusumbui tena. Mimi ni mzima kabisa, siku hizi nalala usingizi mtamu, na leo utajua kwa nini.

Nasikia shemeji haongei na mtu. Fundi bomba wa kule kituo cha samaki nilikokuwa nafanya kazi kanisimulia yote: siku ya uzinduzi, wageni wameketi, mkurugenzi kavaa suti, matangi mapya yakafunuliwa, samaki wanaelea matumbo juu. Uvundo ukawatoa watu mbio kabla ya hotuba. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Ukikasirika, kasirika tu.

Unawakumbuka arkea wangu, wale vijidudu wasioonekana niliowatoa kwenye mchanga wa mto nikawalea chupani miaka yote ile. Ulikuwa ukinitania kwamba nimezaa bila kuolewa. Nilikueleza kazi yao: uchafu wa samaki hutoa amonia, ile harufu kali ya chooni, nayo ikizidi majini huwaua samaki wenyewe. Arkea huila wakaigeuza, kisha vijidudu wengine humalizia ikawa chakula cha mimea. Mashambani, baharini, kote wanafanya kazi hiyo, na hakuna anayewashukuru.

Shemeji, akiwa mkuu wangu, alizichukua chupa zangu, akabandika jina lake juu ya langu, akapandishwa cheo na kupewa kazi ya kuwatia arkea kwenye matangi mapya wasafishe maji. Mimi nikaambiwa sina nafasi tena. Aliponikuta getini na mizigo yangu akanipa pole! Pole ile sijaisahau mpaka leo.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita ulinipigia simu, na baada ya kunijulia hali ukauliza kijuujuu arkea hulishwa amonia kiasi gani. Nikasikia mtu anakohoa pembeni yako. Kikohozi cha mumeo nakijua. Nikakujibu kwamba wana njaa kali, wapewe kwa wingi, na maji yakinuka waongezewe. Nilikudanganya, dada. Hawa wamezoea kuokoteza makombo, ukiwashibisha, unawaua, na amonia yote inabaki majini kwa samaki. Angewalea mwenyewe angejua.

Wewe uliuliza kwa niaba yake, nami nikajibu kwa niaba yangu. Najua hasira zake zitakuangukia wewe, maana jibu lilitoka kinywani mwako. Hilo nililiwaza kabla sijafungua mdomo. Linaniuma, lakini si sana. Siku aliyopongezwa ulikaa kiti cha mbele ukapiga makofi.

Arkea hawajaisha. Chupa moja niliondoka nayo ndani ya begi la nguo, iko uvunguni mwa kitanda, gizani, wanapopenda. Tangu jana mkurugenzi ananipigia simu. Nitapokea nikijisikia.

Wabusu watoto, na mama umwambie nitakuja kumwona. Mumeo usimsalimie. Salamu zangu alishazipata, na wewe ndiye uliyezifikisha.

Ndimi mdogo wako,
Kitindamimba