Gauni la Kwendea Harusi ya Zuhura

Mtopanga, Kisauni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya Baba, mpelekee popote alipo. Goti linasemaje? Kwenye simu uliniambia limepona, lakini nilikusikia ukiguna ulipoinuka kwenda kufunga mbuzi, kwa hiyo usinidanganye. Mahindi yameshika? Nyanya bado anagombana na kuku wa jirani? Mimi ni mzima, kazi ipo, chakula kipo, na ukiona mwandiko umepinda ujue ni vidole, bado vinawasha kwa vitunguu na pilipili. Utaelewa mbele.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao wa huko kwetu hukatika kila nikifika penye utamu, na habari hii ni utamu mtupu. Ule mfuko wa manjano niliompa kondakta wa basi, usiufungue kabla hujamaliza kusoma. Lakini nakujua, Mama. Umeshaufungua, umelishika gauni la kijani mkononi, na unajiuliza mtoto huyu amepata wapi pesa za kuchezea. Haya, keti nikueleze.

Kila unaponipigia huniuliza swali lile lile: "Mwende, huko una nani?" Nami hukujibu kwamba nina Mungu na nina majirani, kisha wewe huvuta pumzi na kubadilisha mazungumzo. Jirani mwenyewe unamjua kwa jina: Bi Rukia, wa chumba cha mbele, anayeuza mahamri na mbaazi barazani. Ndiye aliyekesha akininywesha uji nilipougua malaria mwaka ule wa kwanza. Huniita mwanangu, lakini hapa pwani kila mtu huitwa mwanangu, hata muuza maji, kwa hiyo sikuwahi kujua kama langu lina uzito wowote.

Sasa binti yake, Zuhura, kaposwa. Mwanaume ni wa Likoni, wa ukoo wa wakulima wa siku nyingi, watu wa heshima zao. Harusi ikapangwa ya mchana, nikaha asubuhi msikitini, halafu wanawake ukumbini Shanzu kwa chakula mpaka alasiri. Niliposikia tu, nikaanza kuwaza nguo. Nikatoa zote kitandani. Nikaona suti yangu ya kanisani, ambayo imefuliwa mpaka kola imekuwa nyeupe, nikaona kitenge kilichonibana tangu nianze kula mahamri ya Bi Rukia, na yunifomu ya hoteli. Nguo za kukaa mbele za watu wa Likoni hazikuwamo. Na mshahara wangu unaujua, huwa umeshagawanywa kabla haujaingia.

Basi nikaenda Kongowea kwenye mitumba, na Njeri, tunayepiga naye pasi pamoja kule hotelini. Njeri ni wa Nairobi, ana mdomo. Gauni la kwanza nililovutiwa nalo lilikuwa jeusi, limejaa vidude vya kumetameta kifuani. Muuzaji akaapa, "Wallahi dada, ukivaa hili, ni wewe na bi harusi tu!" Nikalipeleka nje juani. Yesu wangu! Niling'aa kama bati jipya. Njeri akacheka mpaka akashika kiuno. "Manze Mwende, hiyo ni ya usiku. Mchana watu watavaa miwani ya jua kukusalimia."

Tukazunguka. Moja zito kama blanketi, ningelilowesha kwa jasho kabla ya biriani. Jingine zuri, lakini kifua chote wazi, nami nikiwaza nitakaaje hivyo mbele ya Waislamu. Njeri hakunisaidia, ye naye hajui. Baadaye ndiyo nimejua kwamba ukumbini huwa wanawake watupu, buibui zikivuliwa mlangoni, mabega nje, dhahabu nje, hina mpaka kwenye viwiko, na mimi ndiye ningeonekana mtawa.

Hilo ulilolishika nililipata chini kabisa ya rundo. Kitambaa chepesi, kinapumua, rangi ya majani machanga, urefu wake wa adabu, mikono ya kufika kwenye kiwiko. Lilikuwa limefumuka kwapani na kifungo kimoja hakipo. Nikamwonyesha muuzaji ila zote mbili, nikapumua kama mtu anayetaka kuondoka, akashuka bei. Nikalipeleka kwa fundi wetu hapa Mtopanga alizibe kwapa na kutia kifungo. Yule fundi akanipima mabega, akanipima kiuno, akanipima hadi kwenye kifundo cha mguu. Nikamuuliza, "Fundi, kwapa liko huko chini?" Akatabasamu na sindano mdomoni, akaendelea kupima. Nikadhani ndiyo kazi yao.

Nikalifua, nikalipiga pasi ile ya kazini, ya mvuke, nikalitundika kwenye msumari mbele ya kitanda. Viatu nikavipaka rangi upya. Mama, nilijipenda.

Ikabaki kualikwa tu. Hapa kadi si kitu sana. Wanamtuma mama mmoja, humwita mwalishi, anapita mlango kwa mlango akipiga hodi na kusema, fulani binti fulani awasalimu, awaomba mje mumtilie nguvu kwenye shughuli yake. Niliposikia kwamba leo anapita upande wetu, nikafagia chumba, nikatandika shuka safi, nikatia chai jikoni. Nikamsikia kwa mama Salim. Nikamsikia kwa wale wasichana wawili wa Kilifi, ambao hata mwezi hawajamaliza humu ndani! Nikaketi vizuri, nikasafisha koo nipate kuitika. Nikasikia kandambili zake zikija, zikafika kwangu, zikapita. Akapiga hodi mlango wa pili.

Mama, niliumia. Sitakuficha. Nilikunywa ile chai peke yangu na machozi yakinilenga, gauni likinitazama pale ukutani. Nikasema, kumbe ndiyo hivyo, Mkamba ni Mkamba, Mkristo ni Mkristo, na ile "mwanangu" ya barazani ni ya kuuzia mahamri. Unajua hasira zangu nimezirithi kwa nani. Sikumuuliza mtu. Kuanzia siku hiyo nikawa natoka mapema, naomba zamu za ziada, nikirudi napita uani na salamu moja ya haraka. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakichagua mchele na kumenya vitunguu, na Bi Rukia akinitazama kwa jicho la pembeni. "Mwende, siku hizi umekuwa adimu," akaniambia. Nikamjibu, "Kazi, Bi Rukia," nikafunga mlango.

Alhamisi alasiri, siku mbili kabla ya harusi, mlango ukasukumwa bila hodi. Ni yeye. Leso kaifunga kiunoni, mikono imejaa unga, na uso ambao sijauona tangu nimjue.

"Nakuuliza, Mwende. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, Bi Rukia."

"Basi mbona waniaibisha? Watu wote wako uani kwangu, dada zangu wamekuja, waniuliza, yule mwanao mwengine yuwapi, mbona hatumuoni kazini? Nimjibu nani na nimjibu nini?"

Nikajikaza, lakini sauti ilinitoka na kilio chake. "Mimi sikualikwa. Mwalishi alipita mlango wangu kama hakuna mtu."

Akanitazama mimi, akalitazama gauni kwenye msumari, akanitazama tena. Halafu akaketi kitandani kwangu, akaanza kucheka, Mama, kucheka kule kwa kupiga mapaja mpaka shuka yangu ikajaa unga.

"Ewe mwana wewe! Mwalishi aje akualike wewe? Mwenye shughuli hualikwa? Mimi nani kanialika? Zuhura nani kamwalika? Aalikwao ni wageni!" Akapaza sauti kuelekea uani, "Jamani njooni msikie! Mwende angoja hodi!"

Wakajaa mlangoni wote, wakicheka, mmoja akipiga kigelegele. Nilitaka ardhi ipasuke. Bi Rukia akanishika kidevu kwa mkono wa unga. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hapa mwaka wa sita. Jembe lako liko uani, lakungoja, na vitunguu gunia zima."

"Na nguo?" nikauliza, kwa sababu mimi ni mwanao, hata nikiwa nalia nakumbuka nguo.

"Hili lako zuri, mashaallah. Lakini hili la mgeni. Lako liko kwa fundi na la Zuhura na ya dada zangu. Kwani hakukupima?"

Hapo nikakumbuka kile kifundo cha mguu. Yule fundi! Nilimpitia kesho yake nikamwambia nitamshtaki, akasema Bi Rukia ndiye aliyemkataza kusema, eti ilikuwa zawadi.

Basi Mama, Ijumaa nilimenya vitunguu mpaka nikasahau kuona, nikakuna nazi, nikaosha masufuria ambayo Baba angeweza kuogea ndani. Na Jumamosi nikavaa sare ya nyumbani kwetu, rangi ya zambarau, kitambaa kimoja na mama bi harusi na dada zake. Nikasimama nao mlangoni pa ukumbi nikiwanyunyizia wageni marashi. Wa tatu kuingia alikuwa yule mwalishi. Nilimmwagia marashi mengi kidogo, akapiga chafya, nikafurahi.

Zuhura alipendeza mpaka nikasahau kumeza. Biriani haikuisha kusifiwa. Nilicheza chakacha, Mama, usimwambie mchungaji, na mashangazi wa bwana harusi kutoka Likoni wakasema kiuno cha bara nacho kimo. Halafu mama mmoja wa upande wa bwana harusi, mnene, mwenye bangili mpaka kiwikoni, akamuuliza Bi Rukia nikisimama pale pale, "Na huyu wa zambarau ni nani wenu? Simjui."

Bi Rukia hakugeuka hata kunitazama. Alikuwa akipanga sahani. "Mwanangu huyo. Twamlea wawili, mimi na mamake aliyeko Kitui."

Nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikaosha uso, nikarudi kupakua.

Kwa hiyo gauni la kijani ni lako. Mwili wetu ni mmoja, nimeongeza tu pindo kwa sababu wewe ni mrefu. Livae harusi ya mtoto wa mchungaji, ni ya mchana nayo, na huko wewe ni mgeni kweli. Usilianike juani, na pasi isiwe ya moto sana.

Nisalimie Baba na mbuzi wake, Nyanya na adui zake kuku, kaka Musyoka na shemeji yangu mjamzito, mwambie asinyanyue maji. Shangazi wa sokoni mwambie bado sijapata mchumba, ila mashangazi wapya wa Likoni wameahidi kuangalia.

Chini ya gauni utakuta leso moja ya zambarau. Leso huwa mbili, unajua, huuzwa zimeungana halafu hukatwa. Hiyo ni yako, mwenzake kajifunga Bi Rukia hivi sasa, yuko barazani anakaanga, nami namsikia kutoka hapa. Alipoikata alinipa ujumbe wako, akanisisitizia niuandike kama alivyousema: "Mwambie mwenzangu, siku ya Mwende ikifika, asitume mtu kunialika. Nitakuja na mwiko wangu."

Mimi mtoto wenu,
Mwende