Salamu Zisizoitikiwa

Uppsala, Uswidi
14 Februari 1988

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi za binti yako Karimi. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ingekufanya uione ya kwetu Kibirichia kuwa joto. Goti lako linaendeleaje? Waru zilipona ule umande wa barafu wa Januari, au mwaka huu hakuna viazi vya kuuza? Na yule ng'ombe mkorofi, ameshazaa?

Kaka Mwongera ameniandikia habari za kanisani. Anasema jirani yetu Mama Bundi amekushtaki kwa akina mama wa chama unachokiongoza. Ati anakusalimu kutoka shambani kwake na wewe unapita zako bila kuitika, na tangu binti yako aende Ulaya kiburi kimekupanda kichwani. Ati Pasaka usimame mbele yao uombe msamaha, la sivyo uongozi wa chama apewe mwingine. Nawe umeapa utauacha huo uongozi kuliko kumpigia magoti Mama Bundi. Nilicheka, maana nakujua, kisha nikaingiwa na wasiwasi. Nitalirudia hilo. Kwanza nikueleze niliyoyaona.

Unajua nilitumwa kusomea ualimu wa watoto viziwi. Darasani kwetu yuko kiziwi mwenyewe, Gunilla. Huwa tunaandikiana kwenye karatasi, na nimemchosha kwa maswali. Nyumbani kwake mgeni akibonyeza kengele, taa zinawaka sebuleni. Mtoto akilia, nyingine inawaka kando ya kitanda. Mimi nilisimama mlangoni nikibonyeza tu nizione zikiwaka, mpaka mumewe akatoka kuuliza kama nimepotea. Mwezi uliopita baraza la mji lilitaka kupunguza wakalimani wa viziwi. Viziwi walienda wenyewe. Gunilla alisema kwa mikono, mkalimani akatoa sauti, na wakubwa wakamtazama yeye, si mkalimani. Nilimwambia kwetu angesimama mjomba wake kumsemea. Akaniuliza huyo mjomba anajua nini kuhusu masikio yake.

Sasa lile ninalolizunguka. Tulikuwa tukijifunza kupima usikivu, kila mtu na mwenzake. Zamu yangu ilipofika, aliyenipima aliongeza sauti, akaongeza tena, akadhani mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima. Mama, sikio langu la kushoto karibu halisikii kitu, na la kulia linasikia nusu. Miaka yote nimekuwa nikisoma midomo ya watu bila kujua. Kumbe ndiyo maana kule Embu nilikofundisha, majirani zangu wa mtaa wa Majimbo walikuwa wakisema mwalimu anajiona!

Daktari aliniuliza nani mwingine kwetu ana shida hii, maana yaweza kuwa ya kurithi. Nikasema hakuna. Halafu nikakukumbuka. Kanisani lazima ukae benchi la mbele. Redio unaifungulia mpaka Baba anatoka nje. Ukiitwa shambani huitiki mpaka mtu akuguse bega.

Mama, sidhani ulimdharau Mama Bundi. Nadhani hukumsikia. Tafadhali usiache uongozi, wala usiombe msamaha kwa kosa ambalo hukulifanya. Nenda hospitali kule Meru wakupime, kisha uwaambie akina mama wewe mwenyewe. Sijamwambia Mwongera, wala sitamwandikia mchungaji, ingawa mkono unaniwasha. Naogopa utanikasirikia, kwa sababu kwetu mtu akisema jambo kama hili huanza kuhurumiwa kama mgonjwa. Mimi nimepewa kijimashine, nakivaa nyuma ya sikio. Siku ya kwanza nilisikia viatu vyangu vikitembea, nikalia njia nzima.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuita, na usipokuja nalia kwamba unampenda Mwongera peke yake. Hilo nimelifuta leo. Lakini nataka kujua: wewe uliponiita nami nisiitike, ulikuwa ukidhani nini juu yangu? Niandikie, hata kama ni neno baya.

Nisalimie Baba, Mwongera na watoto wake, na Mama Bundi pia, ukikutana naye uso kwa uso. Mungu awatunze nyote hapo nyumbani.

Ni mimi binti yako,
Karimi