Turudishie Maneno Yako Madogo

Juu ya Duka la Vitambaa,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo wewe? Kifua je, na hiyo miguu inayosimama kutwa mbele ya mashine za kufulia mashuka ya hospitali? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti lake moja limeanza kiburi kwenye ngazi. Mimi nipo na cherehani yangu, mgongo unalalamika na mdomo unacheka, kama unavyonijua.

Kwanza pokea hongera zako. Umenichapa tena kwenye mchezo wetu wa herufi wa simuni, na safari hii hukuniachia hata pa kupumulia. "Quetzal"! Q na Z ndani ya neno moja! Nilitafuta maana yake nikaambiwa ni ndege wa mbali, mwenye mkia mrefu. Nikamweleza Mama. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo siku hizi anafuga ndege?"

Hapo ndipo nilipoona nikuandikie, tena kwa karatasi, maana kwenye simu unasema "mzima" halafu unakata.

Wewe ulidhani tunacheza wawili. Tulikuwa watatu. Mama Kiingereza hakijui, lakini kila asubuhi, hata uso hajanawa, huniuliza, "Kasuku kacheza?" Namsomea neno lako na maana yake. Ulipoweka "soup" alimshukuru Mungu kwamba unakula. Ulipoweka "bus" alijua hutembei tena kwa miguu. Ulipoweka "cold" alitoa nyuzi za sufu siku hiyohiyo akaanza kukufumia sweta. Na neno lako la kwanza kabisa kutoka huko, "tea", lilimfanya abandike birika asubuhi ile na kumimina vikombe vitatu. Cha kwako nilikatazwa kukigusa.

Kisha ukaweka "tired", yaani umechoka. Mama alikupigia simu akalia mpaka ukamwambia msimamizi anakuita. Tangu kesho yake maneno yako yakabadilika. Mwalimu mstaafu wa chumba cha chini ndiye aliyenifungua macho: kuna kurasa mtandaoni ambako unaandika herufi ulizo nazo, zinakuletea kila neno lenye herufi hizo. Nikajaribu. Nikaandika Q na Z, nikamkuta ndege wako ametulia juu kabisa.

Sikukasirika, mchezo ni mchezo. Lakini hiyo mashine haijui umelalaje, mdogo wangu. Tangu mwezi uliopita unatuletea ndege, mawe na madini, na Mama hajui tena kama umekula. Sweta limebaki mkono mmoja tu. Amegoma kulimalizia, anasema hajui kama umekonda au umenenepa. Mimi fundi nawapima watu kwa utepe. Yeye alikuwa anakupima kwa maneno yako. Juzi aliniambia, "Akisema amechoka nalia. Akisema mzima, silali."

Nahisi unajificha ili asilie. Basi ameahidi: hatalia kwenye simu. Akishindwa atashuka dukani kwangu alilie huku, vitambaa vya kufutia machozi nimejaliwa.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Rudi ushindwe. Weka vineno vyako vya pointi nne, tano. Kama umechoka, sema umechoka. Kama unaumwa, weka hilohilo, hata kama ubaoni pana nafasi ya ndege. Mimi nami nimekukumbuka mno, wala sioni aibu kusema. Nikitandaza kitambaa kirefu huwa nageuka nikupe ncha ya pili uishike, nakuta ukuta.

Shangazi anakusalimu, na dada yetu na wanawe, ambao wanagombania kitanda chako kana kwamba umewarithisha. Mwalimu naye anakusalimu. Anasema maneno yako makubwa yamempa raha, lakini anaungana na Mama.

Nisisahau. Jana ilikuwa zamu yangu, na nilishapata neno la kukutoa jasho. Mama akanishika mkono, akataka nimsomee herufi zangu moja moja. Akauliza, "Lile neno la chai limo?" Limo, nikamwambia. Akasema niweke hilo. Nikaweka, nikapata pointi tatu za aibu. Yeye akaenda kubandika birika, akapanga vikombe vitatu. Nilimwambia huenda usijibu leo wala kesho. Akasema si neno, maji yatachemshwa tena.

Mungu akulinde huko ugenini, na akupe usingizi wa kweli. Zamu ni yako.

Kaka yako akupendaye hata ukimchapa,
Fundi